Kuzima mashine si kuitenga

Mashine ya kusaga imekaba. Foleni ya ndoo na madebe imefika mlangoni, mwenye kinu anatazama saa, na kila aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kinachofuata: mwendeshaji atabonyeza kitufe chekundu, atasubiri mngurumo ushuke, kisha atafungua chemba ya nyundo na kuingiza mkono kutoa gunzi, kamba ya gunia au jiwe lililonasa kwenye chekeche. Mara nyingi hakuna baya linalotokea. Hapo ndipo ugumu wa somo hili ulipo, maana njia ya hatari inayofaulu mara mia humfundisha mtu kwamba ni njia salama.

Viwanda vikubwa vina utaratibu wa kuzuia jambo hilo. Mafundi wengi huujua kwa jina la LOTO, kifupi cha Kiingereza lockout/tagout (kufunga na kuweka lebo): mashine hutengwa na vyanzo vyake vya nishati, hutiwa kufuli, huwekwa lebo yenye jina la aliyefunga, kisha hupimwa kabla ya mtu kuigusa. Kwa anayetazama kwa mbali ni kufuli nyekundu na kadi iliyoandikwa "Usiwashe", na wengi huuona kama urasimu wa watu wa usalama. Lakini kila hatua yake imewekwa kwa sababu ya namna fulani ambayo mashine "iliyozimwa" imekwisha kuua mtu. Ukizielewa namna hizo, huhitaji kukariri utaratibu. Utautunga mwenyewe mbele ya mashine usiyoijua.

Kitufe chekundu kinafanya nini hasa

Kwenye stata ya kawaida, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima mota, kitufe chekundu hakigusi umeme wa mota hata kidogo. Kinachokatwa ni mkondo mdogo unaoilisha koili ya kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme. Koili ikikosa mkondo, springi husukuma kontakti tatu ziachane, na mota hukosa nguvu. Umeme mkubwa wenyewe, volti 400 kati ya fezi na fezi (waya tatu zinazoleta umeme) kwa mfumo wa Tanzania, bado umefika palepale juu ya kontakta. Kinachoutenganisha na mota ni milimita chache za hewa na utii wa springi.

Springi hukataa kutii. Kontakti zilizochoka huungua na kugandana: koili imeachia, lakini fezi bado zinapita. Waya wa kidhibiti uliotafunwa na panya unaweza kuipa koili umeme bila mtu kugusa chochote. Na kuna sababu iliyo rahisi kuliko zote: mtu wa pili, ambaye hajui kwamba mkono wa mwenzake umo ndani, anabonyeza kijani.

Kitufe cha dharura, kile chenye kichwa kama uyoga, hakina tofauti kubwa. Kimewekwa ili kusimamisha mashine wakati mtu amenaswa au anakaribia kunaswa. Hakikutengenezwa kumlinda fundi wa matengenezo, na yeyote anayepita anaweza kukizungusha kikaachia. Kwenye mitambo inayoongozwa na PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine, hali huwa ya hila zaidi, kwa sababu mkanda wa kubebea magunia uliosimama huenda haujazimwa, unasubiri tu. Jicho la sensa likiona gunia, au mkono wa fundi uliopita mbele yake, mkanda unaanza kutembea.

Aisoleta ni kitu kingine. Huachanisha fezi zote kwa pengo la kudumu, mpini wake una tundu la kufuli ukiwa kwenye nafasi ya kuzimwa, na hakuna waya mwembamba wa kidhibiti unaoweza kuirudisha. Breka nyingi nazo zina kibanio chake kinachoruhusu kufuli. Kwenye bodi za zamani, fundi hutoa fyuzi zote tatu akazitia mfukoni, na hiyo ni kinga ya kweli ikiwa bodi yenyewe imefungwa, vinginevyo mtu mwenye haraka huleta fyuzi nyingine.

Hata hivyo aisoleta moja huenda isitoshe. Ndani ya paneli moja mara nyingi kuna waya za kidhibiti za volti 230 zinazotoka kwenye bodi nyingine kabisa, zilizounganishwa miaka ya nyuma na fundi ambaye hayupo tena kazini. Mota imekufa, paneli ina uhai. Ndiyo maana kazi huanza na mchoro wa umeme, na pasipo mchoro, huanza na kufuatilia kila waya unaoingia.

Umeme unaokatika na kurudi wenyewe

Kwetu kuna hatari ambayo miongozo ya ng'ambo haiipi uzito unaostahili. Umeme ukikatika, mwendeshaji huona amepata nafasi. Mashine imesimama, hakuna mngurumo, foleni imekaa chini kivulini. Anafungua chemba ili asafishe wakati wa kungoja. Kwake yeye, kukatika kwa umeme ni kuzima kwa mashine.

Stata nzuri ina kinga dhidi ya hilo. Umeme ukipotea koili huachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani. Tatizo ni kwamba kinga hii huondolewa kwa makusudi. Mwenye mashine amechoka na stata inayoachia kila volti zikiyumba, anamwita fundi, fundi "anajampa" waya, yaani anaunganisha waya wa kuikwepa kinga hiyo, na kuanzia hapo mashine hujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Au stata iliungua zamani na mota ikaunganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya mpini. Swichi iliachwa juu wakati umeme ulipokatika, na mkono umo ndani ya chemba umeme unaporudi.

Mahali penye jenereta la kujiwasha hata hayo mapumziko ya mgao hayapo, kwa sababu chenjiova hubadilisha chanzo ndani ya sekunde chache. Fundi aliyetia kufuli kwenye meni swichi ya shirika la umeme akasahau upande wa jenereta ametenga nusu ya mashine. Paneli za sola nazo hazina swichi ya kulizima jua: mchana kutwa waya zinazotoka kwenye paneli hadi kwenye inveta zina umeme, hata kama inveta imezimwa.

Kwa hiyo kupima ni lazima, na kuna namna ya kupima inayokubalika na namna ya kujidanganya. Bisibisi ya tesita yenye taa ndogo ndani, ambayo kila fundi wa mtaani anayo mfukoni, haifai kwa kazi hii. Taa yake huonekana kwa shida kwenye mwanga mkali, na ukisimama juu ya ubao mkavu au umevaa viatu vizito vya mpira inaweza isiwake hata kama umeme upo. Kutowaka kwake si habari. Kifaa kinachofaa ni kipima volti cha ncha mbili, na hutumiwa mara tatu: kwanza kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, ili kuhakikisha kipimo ni kizima, kisha kwenye mashine, fezi kwa fezi kwa jozi zote tatu, na kila fezi kwa nyutro na kwa ethi, halafu tena kwenye umeme unaojulikana. Ile mara ya tatu ndiyo watu huiruka. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri sawasawa na waya usio na umeme.

Kilichobaki ndani

Tuseme kila chanzo kimekatwa, kimetiwa kufuli na kimepimwa. Mashine bado inaweza kuua, kwa sababu nishati iliyoingia asubuhi haikutoka yote.

Rota ya mashine ya nyundo ni mfano mzuri wa hesabu. Chukua rota ya kilo 80 ambayo uzito wake umekaa wastani wa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ina takriban joule 158,000. Hiyo ni nishati ya mtu wa kilo 80 anayefika ardhini baada ya kuporomoka mita 200. Ukikata umeme hujaondoa hata joule moja. Umezuia tu zisiongezeke. Beringi zikiwa nzuri, rota huzunguka muda mrefu, na inapokaribia kusimama haitoi sauti ya kumwonya mtu. Hapo ndipo mlango hufunguliwa. Elevata ya ndoo huleta mtego wa aina nyingine: ikisimama ikiwa na mahindi kwenye ndoo za upande wa kupanda, uzito wa mahindi hayo unaweza kuivuta nyuma pindi fundi anapolegeza mkanda au kufungua giaboksi.

Hewa ya kompresa hudharauliwa kwa kuwa haionekani. Silinda ya hewa yenye kipenyo cha sentimita 10, ikipewa presha ya baa 8, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 640. Kompresa kuzimwa hakuna maana yoyote ikiwa tangi limejaa, na valvu kufungwa hakuna maana ikiwa hewa imebanwa kati ya valvu na silinda. Lazima imwagwe, na geji isome sifuri. Ila kabla ya kumwaga, mtu ajiulize hewa hiyo imeshikilia nini. Kama imeinua kitu, kuitoa ndiko kutakakokiangusha.

Tipa hutufundisha somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Bodi, yaani sanduku la kubebea mzigo, imeinuliwa, fundi ameingia chini yake kubadilisha hosi ya haidroliki inayovuja. Injini imezimwa, ufunguo umetolewa, na kwa macho ya wengi gari liko salama. Lakini kinachoishikilia bodi juu ni mafuta yaliyomo kwenye ile ile hosi anayokwenda kuifungua. Nati ikilegea, mafuta hutoka, na bodi hushuka. Kinachoweza kumwokoa ni nguzo ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyosimikwa kati ya chesisi na bodi kabla hajainama. Gari juu ya jeki ni habari hiyohiyo: jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kushikilia. Na kwa kuwa tumeitaja haidroliki, uvujaji mwembamba usitafutwe kwa kidole. Mafuta yenye presha ya baa mia mbili hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana kitone kidogo kisicho na maumivu makubwa, na saa chache baadaye mkono unahitaji upasuaji wa haraka.

Kuna kifaa kimoja cha gereji za malori ambacho naona kinastahili hofu zaidi ya inachopewa, nacho ni busta ya breki ya nyuma, ile yenye chemba mbili. Fundi aliyefundishwa kumwaga hewa kabla ya kazi anaweza kudhani kwamba tangi likiwa tupu busta nayo imekuwa salama. Si kweli. Ndani ya chemba ya breki ya mkono kuna springi nene iliyokandamizwa, na hewa kazi yake ni kuizuia isibane breki. Hewa ikitoka springi hubana magurudumu, lakini bado imebaki imekandamizwa vya kutosha kurusha kifuniko kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Kabla ya kulegeza ule ukanda wa chuma unaoshika vipande viwili, springi hufungwa kwa boliti yake maalumu, ambayo mara nyingi imening'inizwa pembeni ya busta yenyewe. Aina nyingi za siku hizi zimefungwa kiwandani zisifunguliwe kabisa, na ushauri wa watengenezaji ni kubadilisha busta nzima.

Umeme nao hujificha. Draivu ya mwendo, ile ya kubadili kasi ya mota ambayo mafundi wanaiita VFD, hugeuza volti 400 za fezi tatu kuwa takriban volti 565 za mkondo mnyoofu (DC) na kuziweka kwenye kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji. Aisoleta ikizimwa kapasita hubaki zimejaa kwa dakika kadhaa. Lebo ya mtengenezaji husema ni ngapi, mara nyingi kati ya 5 na 15, na baada ya kungoja hupimwa vilevile, kwa sababu kipingamizi cha kuzimwaga kikiungua lebo haitajua.

Boila nitaipitia haraka kwa kuwa ina wataalamu wake na sheria zake. Itoshe kusema kwamba maji yenye presha ya baa 10 hufika nyuzi 180 na zaidi bila kuchemka, na bomba likifunguliwa sehemu yake hulipuka papo hapo kuwa mvuke, ambao kwa presha ya kawaida hujaza nafasi mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Bomba linaweza kuwa na presha hata wakati tanuri limepoa tangu jana, ikiwa limeunganishwa na boila ya pili.

Valvu moja

Kwa umeme, pengo la hewa ni kizuizi kinachoaminika. Kwa vimiminika na gesi, valvu iliyofungwa ni ahadi tu. Mchanga mdogo kwenye kiti chake, kutu, au mpini ulioteleza kwenye shina, vyote huifanya ionekane imefungwa huku ikipitisha.

Tarehe 23 Oktoba 1989, kiwanda cha plastiki cha kampuni ya Phillips huko Pasadena, Texas, kililipuka na kuua watu 23. Mafundi walikuwa wanazibua mguu mmoja wa mtambo (bomba la chini la kutolea plastiki) uliokuwa umezibwa na plastiki. Kati yao na gesi yenye presha kubwa kulikuwa na valvu moja inayoendeshwa kwa hewa. Uchunguzi ulikuta mipira ya hewa ya valvu hiyo imeunganishwa kinyume, wa kufungua mahali pa kufunga. Viunganishi vya pande zote mbili vilifanana, kwa hiyo hakuna kilichomzuia mtu kuvipishanisha. Swichi ya chumba cha udhibiti ilipowekwa kwenye "funga", valvu ilikuwa wazi.

Kwa kazi za namna hiyo utaratibu madhubuti huhitaji valvu mbili na bomba dogo la kutolea katikati yake, ili ya kwanza ikivuja uvujaji utokee nje mahali panapoonekana badala ya kuisukuma ya pili. Kwa kazi ndefu, au watu wakiingia ndani ya tangi, hata hilo halitoshi. Bomba hufunguliwa kwenye flenji, yaani kiungo chake cha boliti, na kuzibwa kwa bamba la chuma, au kipande chake huondolewa kabisa. Fundi wa bomba akilalamika kwamba kuweka bamba kunachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, mara nyingi anasema kweli, na bado bamba linawekwa.

Kufuli ni ya mtu, si ya mashine

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba adui ni nishati peke yake. Ukisoma ajali kubwa utaona kwamba aliyewasha mashine mara nyingi ni mfanyakazi mzuri, anayejua kazi yake, anayejaribu kuokoa uzalishaji. Kilichokosekana ni habari.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la gesi na mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu B ya kusukuma gesi iliyogeuka kimiminika ilikwama na kukataa kuwaka. Bila pampu, uzalishaji ungesimama. Pampu A ilikuwa imekatiwa umeme kwa ajili ya matengenezo makubwa, lakini watu wa zamu ya usiku walijua matengenezo hayo hayajaanza, kwa hiyo waliona hakuna ubaya kuirudisha. Wasichojua ni kwamba mchana wa siku hiyo kazi nyingine ilikuwa imefanyika: valvu ya usalama ya pampu hiyo iliondolewa kwenda kupimwa, na mahali pake pakazibwa kwa bamba ambalo halikukazwa vya kuzuia presha. Kazi hizo mbili zilikuwa na vibali viwili tofauti, visivyotajana. Valvu yenyewe ilikaa juu, mahali ambapo aliyesimama kwenye pampu asingeiona. Pampu A iliwashwa, gesi ikavuja, na karibu saa 4 usiku mlipuko wa kwanza ukatokea. Watu 167 walifariki. Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na namna vibali vya kazi vilivyokuwa vikiendeshwa ni miongoni mwa mambo aliyoyakosoa vikali.

Sasa fikiri kama fundi aliyeondoa valvu angekuwa na kufuli yake mwenyewe kwenye swichi ya pampu ile, na ufunguo mfukoni mwake. Karatasi zingeweza kupotea, zamu zingebadilishana bila kuambiana, na pampu isingewaka. Wangelazimika kumtafuta, naye angewaambia.

Hiyo ndiyo kazi ya kufuli. Hubeba habari hata pale watu waliposhindwa kuambiana. Kwa sababu hiyo kila anayefanya kazi kwenye mashine hutia ya kwake. Kufuli ya msimamizi haimlindi msaidizi, maana msimamizi akidhani kazi imekwisha atafungua huku msaidizi bado anakaza nati ya mwisho upande wa pili. Wakiwa wengi hutumia kibanio chenye matundu sita, au funguo za aisoleta zote huwekwa ndani ya kisanduku, na kila mtu hutia kufuli yake kwenye kisanduku hicho. Ufunguo mmoja kwa kufuli moja, bila nakala ofisini. Kufuli tano zinazofunguliwa na ufunguo mmoja ni pambo.

Lebo bila kufuli ina nguvu ya karatasi. Humwambia msomaji, haimzuii asiyesoma, na ikikaa miezi kwenye swichi watu huacha kuiona. Kuna bodi za umeme zenye kadi za "Usiwashe" zilizofifia ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka. Hizo hufanya hata kadi mpya isiaminike.

Zamu zinapobadilishana, anayeingia hutia kufuli yake kwanza, ndipo anayetoka huondoa ya kwake, ili pasiwe na hata dakika moja ambapo mashine haina mwenyewe.

Karakana isiyo na bajeti

Nimesikia hoja kwamba haya ni ya viwanda vya saruji na sukari, si ya mashine ya kusaga ya Mbagala wala mashine ya mbao ya Mafinga. Sikubaliani nayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinampa mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na hazimsamehi kwa sababu ana mashine moja. Marekani ilitoa kanuni maalumu ya kufunga vyanzo vya nishati mwaka 1989, na mamlaka yao ya usalama kazini imekadiria kwamba ikifuatwa huzuia vifo 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka. Idadi kama hiyo haijengwi na viwanda vikubwa peke yake.

Isitoshe karakana ndogo ina mashine rahisi. Kinu chenye mota moja kina aisoleta moja ya kufunga, na kufuli ya kawaida ya dukani hutosha ikiwa ufunguo unakaa kwa aliye na mkono ndani. Kama swichi haina tundu, fundi umeme hubadilisha kwa nyingine yenye tundu, na kwa maoni yangu fedha hizo zitangulie rangi ya ukuta na bango la biashara. Mashine ya plagi huchomolewa, plagi ikawekwa mbele ya macho ya anayefanya kazi. Plagi iliyochomolewa ikaachwa nyuma ya ukuta itachomekwa na mtu anayetaka kuchaji simu.

Vinu vya vijijini vinavyoendeshwa kwa injini ya dizeli, kama zile za Lister zenye magurudumu mazito, havina swichi ya kutia kufuli kabisa. Hufungwa mafuta, hunyanyuliwa wenzo wa kuachia mgandamizo, na mkanda huondolewa kwenye puli. Mkanda ukiwa chini hakuna njia ya injini kuizungusha rota. Asiyeachia mgandamizo asishangae gurudumu likimrudia: hewa iliyobanwa ndani ya silinda inaweza kulisukuma nusu mzunguko hata bila tone la mafuta, na nusu mzunguko inatosha kuchukua vidole.

Baada ya kutenga, kumwaga na kupima, hubaki jaribio moja ambalo halihitaji kifaa: bonyeza kijani. Watu wote wakiwa mbali, jaribu kuiwasha mashine kama vile unataka kusaga. Isipowaka, bonyeza chekundu tena, kwa sababu swichi nyingine hubaki kwenye nafasi ya kuwasha na zitakungoja hapo hadi kufuli itakapotoka. Jaribio hili hugundua kosa linalotokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, la kutia kufuli kwenye aisoleta ya mashine ya jirani. Lakini lisichukuliwe badala ya kipimo cha volti. Mota inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mzigo kupita kiasi) imeruka huku fezi zote zikiwepo.

Kurudisha mashine kazini hufuata njia hiyo kwa kinyume, na huharakishwa kuliko sehemu nyingine zote kwa kuwa kila mtu anataka kwenda. Spana huhesabiwa. Vizuizi vya mikanda hurudishwa kabla ya umeme, si baada ya "kuijaribu kidogo". Watu huhesabiwa kwa macho, si kwa kuita. Kisha kila mmoja hutoa kufuli yake mwenyewe.

Wakati mwingine kufuli moja hubaki na mwenyewe ameshaondoka. Jibu la haraka ni msumeno, na kuna utaratibu wa kuutumia: msimamizi ahakikishe kwamba mtu huyo hayupo eneo la kazi, kwa kumtafuta ndani ya mashine na nje, si kwa kuuliza mlinzi getini tu; ampigie simu; akague mashine yote kana kwamba ndiyo kwanza anaiona; ndipo kufuli ikatwe, na jina la aliyeikata liandikwe. Na kesho yake, kabla mwenye kufuli hajagusa spana, aambiwe kwamba mashine aliyoiacha imefungwa sasa ina umeme.